Jua la Wampembe Si la Kaengesa

Nakumbuka siku moja kule Wampembe, mwanangu Kosma, siku ambayo baba yako alikaribia kufa na wala hakuwa mgonjwa. Nakusimulia leo kwa sababu kesho unashuka huko huko kujenga, na begi umeshafunga bila kuniuliza kitu.

Tulikuwa vijana, bado hatujaoana. Vibarua wa Kaengesa tulichukuliwa kwenda ziwani kuchimba msingi wa madarasa, baba yako kwenye sululu, mimi na wasichana wenzangu kubeba mchanga. Huku kwetu juu, unajua mwenyewe, jua tunalitafuta. Asubuhi tunaliota ukutani, na baridi ikizidi mtu anashika jembe mwili uchangamke. Basi tukashuka na akili hiyo hiyo. Jua lilipopanda, wenyeji wakaacha kazi wakaenda kivulini, na baba yako akawacheka.

"Hawa wamezoea kula samaki," akasema. "Kazi hawaiwezi."

Akaendelea kuchimba. Ndoo ya maji ilikuwa mbali, kule jikoni, na kuifuata aliona ni uvivu.

Baadaye akaanza kuyumba. Akaniita kwa jina la dada yake, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Wenzetu wakacheka, maana kwa utani baba yako hajambo. Nilipomshika mkono nimnyang'anye sululu, nikakuta ngozi inawaka. Mara akaanguka ndani ya mtaro aliouchimba mwenyewe. Niliogopa, Kosma. Nilidhani nimeshampoteza kabla hata hajaja kwetu kujitambulisha.

Mzee Fidelis, fundi wetu mkuu na mwenyeji wa pale, alikuja mbio. Akaamuru abebwe kivulini, avuliwe shati na buti. Mmoja wetu akakimbilia zahanati, wengine tukammwagia maji ya ziwa ndoo baada ya ndoo, na mimi nikampepea kwa kanga mpaka mabega yakafa ganzi. Mtu alipotaka kumnywesha, mzee alimzuia. "Hajitambui huyu, atapaliwa."

Tabibu alipokuwa anafika, baba yako akafumbua macho, akanitazama. "Selina, nani kanilowesha suruali?"

Nililia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa ameniita kwa jina langu.

Jioni Mzee Fidelis alitukalisha chini. "Nyie watu wa juu mnafanya kazi kama mnafukuza baridi. Hapa baridi hakuna. Mnamfukuza nani?" Kuanzia kesho yake wageni wote tulifanya kazi asubuhi tu, tukaongezewa muda kidogo kidogo, na pipa la maji likahamishiwa pembeni ya msingi, chini ya kibanda cha nyasi. Hakuanguka mwingine mpaka tunamaliza.

Kwa hiyo nisikilize. Siku za kwanza usijitutumue, hata wakikuita mvivu, mwili unataka wiki moja au mbili kulizoea joto lile. Kunywa maji kabla kiu haijakushika, vaa kofia pana, na jua likipanda kaa kivulini. Mwangalie mwenzako naye akuangalie, kwa sababu anayezidiwa na joto hajijui. Akiyumba au akiongea ovyo, usicheke kama walivyocheka wenzetu. Mtoe juani, mloweshe, mpepee, mtu akimbilie zahanati. Na msimamizi akiwanyima mapumziko, mwendeeni wote kwa pamoja. Akikataa, rudi nyumbani, ugali upo.

Baba yako yule pale ukutani anaota jua, sweta mwilini, anajifanya hasikii. Kila nikimwona hapo moyo wangu unatulia. Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie mteremko wote, akupe kivuli na watu wa kukutazama, akurudishe mzima, uje ukae pale ukutani pamoja naye.