Jumapili Tuliyochagua Treni na Dhahabu

Sisi tuliokwenda shule kwa shati jeupe na sketi ya buluu, miguu mitupu, daftari limo ndani ya mfuko wa plastiki mvua isiliguse, tunajuana. Mtu akitaja utoto tunacheka kabla hadithi haijaanza. Mimi nilikulia Kivu ya Kusini, kijiji kilichokuwa na mto wa dhahabu, na hapa St Marys, mtaa wa Sydney, nikiwa na wenzangu wa kanisani hiyo ndiyo sifa yangu. Wengine watakuambia habari za ziwa na samaki. Mimi nitakuambia namna ya kuosha mchanga.

Tulikaa mstari mmoja, akina mama na watoto wao, magoti majini, kila mtu na karai lake la bati. Unajaza mchanga, unazamisha, unazungusha, unamwaga kidogo kidogo mpaka unabaki mchanga mweusi chini, na hapo ndipo unatazama. Ukibahatika unaona punje kama yai la chawa. Maji yalikuwa baridi, ile baridi ya kukata mifupa. Juu kwenye mawe mtu amewasha moto, muhogo unaiva, na harufu yake inakufanya uzungushe karai vibaya. Mama yangu alikuwa akinipiga kofi dogo mkononi. "Mchanga hauna haraka," alisema. "Ukiyakimbiza maji, yataondoka na dhahabu." Rafiki yangu Furaha yeye alijua kuimba kuliko kuosha. Siku moja aliinuka kucheza, akateleza, karai likaenda na mto naye analifuata akipiga kelele, na sisi tumeshika mbavu. Jioni alichapwa. Tulicheka tena.

Haya ndiyo niliyowasimulia watoto wangu miaka yote, hasa Neema, kwa sababu kumsuka nywele kunachukua muda na bila hadithi hatulii. Neema ana miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Kaka yake Yoshua ana kumi na tisa, anasoma chuo, na mtandao ukikatika dakika tano anatembea nyumba nzima kama mtu aliyefiwa. Nikiwaona hivyo nawaambia, nyinyi mngeweza kukaa mtoni tangu asubuhi mpaka jua lizame mkitafuta kitu msichokiona? Wanacheka. Wanaomba niwaambie tena habari ya Furaha.

Basi mwaka huu natimiza miaka hamsini, na wao na baba yao wakaamua kunipeleka safari ya meli. Tunapandia hapa Sydney, tunakwenda New Zealand, tunarudi. Mimi ninayefanya shifti nyumba ya wazee, nikaambiwa nitahudumiwa siku kumi. Nikasema amina. Kumbe kila bandari ina matembezi yake ya kuchagua, na muda wa kuchagua ya bandari moja ulikuwa unaisha Jumapili moja jioni.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, meza haijafutwa. Yoshua akafungua kompyuta. Chaguo la kwanza, boti ya kwenda kutazama pengwini. La pili, kuonja divai, na hilo baba yao alilikataa kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi. La tatu, treni ya zamani inayopanda milimani, madirisha makubwa, mabonde chini, na ikifika juu wageni wanashuka mtoni, wanapewa karai, wanaosha dhahabu.

"Mama," Yoshua akasema, "hii imeandikwa kwa ajili yako."

Akanisomea. Kila mgeni atapata dhahabu, na atapewa kichupa cha kuibebea. Nikacheka mpaka machozi. Dhahabu ya kuahidiwa! Mama yangu angetaka kumwona huyo mtu anayeahidi. Baba Yoshua naye akacheka, akasema safari hii mwalimu wao nitakuwa mimi. Neema alikuwa amekwisha kuchukua sahani ya bati jikoni, anaizungusha mezani, anauliza kama ndivyo.

Ndivyo ilivyokuwa, kasoro kidogo. Nikamshika mkono nimwonyeshe, na mkono wake ukawa sawasawa na wangu wa wakati ule, mwembamba, kucha fupi. Kicheko kikaniisha. Nilijua nikikubali safari ile bila kusema neno, nitapiga magoti majini mbele ya wanangu, nitatabasamu, watanipiga picha, na uongo wangu utakuwa umekamilika. Maana niliwasimulia utamu tu. Kosa ni langu, si lao.

Nikawaambia. Nilikuwa darasa la tano kama Neema. Mama alijifungua mapacha, mgongo ukamshinda, hakuweza tena kuinama siku nzima. Kaka yangu alikuwa anakaribia mtihani wa mwisho. Jumatatu moja nimekwisha kuvaa sketi, mama akanipa karai. "Leo utanifuata mtoni," akasema. Nikadhani ni wiki moja. Hakuna aliyeniambia nimeacha shule. Nilikuwa nasikia ile ringi ya gari wanayoigonga kuita wanafunzi, nikawa najua saa hii wanafanya hesabu, saa hii wanatoka kucheza. Mwalimu alimtuma mtu kuniuliza, mama akajibu, "Atarudi." Ile dhahabu kidogo tuliyopata ilihitaji karatasi ya kuifungia. Mama alichana daftari langu la hesabu. Ukurasa mmoja leo, mwingine kesho, pamoja na alama za mwalimu kwa wino mwekundu, mpaka likabaki jalada. Iliniuma. Mpaka leo inaniuma.

Neema akaweka sahani chini. Baba yao alijua sikumaliza shule, ila habari ya daftari hakuijua, akawa anatazama mikono yake. Yoshua, maskini, alishaanza kurudi kwenye pengwini. "Tutabadilisha, Mama, si shida," akasema, "hata pengwini ni wazuri."

Neema akamzuia mkono. Halafu akanigeukia, na akauliza kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayepita kwenye mawe yenye utelezi.

"Mama, wewe unataka nini?"

Nimezoea kuulizwa chakula kiko wapi, ufunguo uko wapi, kesho nina shifti saa ngapi. Nikasema nataka kwenda. Nataka kuketi dirishani kwenye treni hiyo nitazame milima. Nataka kushika karai niwaonyeshe watoto wangu kazi niliyoiweza, kwa sababu niliiweza kabisa. Na magoti yakichoka nitainuka, niwaachie wenye mto mchanga wao. Yoshua akabonyeza. Tukafuta meza.

Nimewaza sana tangu siku ile. Sisi tulikuwa na mengi, siyakani. Tulikula sahani moja, tuliimba kazini, mtu akianguka mnacheka wote na mnamwinua wote. Hawa wa leo kila mmoja ana simu yake na chumba chake, na subira hawana. Lakini binti yangu wa miaka kumi na mmoja ameweza kuuliza kitu ambacho kwetu watu wazima hawakukiuliza. Mtoto aliambiwa, akaenda. Mama yangu alinipenda, hilo sina shaka nalo, na mapacha walihitaji kula. Ila Jumatatu ile hakuniuliza. Angeniuliza, ningemwambia nataka kwenda shule.