Mfuniko wa 417

Mama mdogo hali chakula akiwa amekaa. Viti tunavyo vinne, kimoja chake, lakini yeye huegemea kabati la vyombo, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho kwenye simu. Bibi, yaani mama yake, amechoka kusema.

"Unakula kama mtu anayekimbiza basi."

"Basi lenyewe ndilo hili, Mama. Halisimami."

Basi analolisema ni mfumo wa kompyuta wa kazini kwake.

Kazi yake ni kutengeneza tableti za shule. Shule iligawa tableti mia moja themanini na sita, kila mwanafunzi yake, na nyuma kwenye mfuniko kuna kibandiko cha namba, kuanzia 301 hadi 486. Chumba chake kiko mwisho wa korido. Zamani kilikuwa stoo ya mipira, na mpaka leo kinanuka mpira. Wanafunzi wanamwita Dokta Kioo, kwa sababu kinachovunjika sana ni kioo.

Mfumo uko kwenye kompyuta na unajiendesha wenyewe. Tableti ikiharibika, mwalimu wa darasa anaandika namba ya nyuma. Basi mfumo unafungua tiketi, yaani taarifa ya ubovu, unampelekea mama mdogo, na unahesabu kosa kwenye jina la mwenye namba. Mara ya kwanza mtoto anapewa onyo. Mara ya pili mzazi anaitwa kwa ujumbe wa simu. Mara ya tatu, ikifika Ijumaa saa kumi jioni, jina linafungwa, na muhula mzima mtoto hagusi tableti. Na mtihani siku hizi unafanywa humo humo. Mama mdogo alikuwa akiusifia sana huo mfumo. "Hauna mjomba wala shangazi," alikuwa akisema, yaani haupendelei mtu.

Sasa, yeye ana mkono mwepesi. Akiletewa tableti kumi hafungui moja moja. Anazivua mifuniko yote kwanza, kama mtu anayemenya viazi, anaipanga pembeni, anatengeneza, halafu anazivika. Mifuniko ni ya kijivu yote, na wowote unaingia popote. Kurudisha si kazi yake. Mwalimu anawasha, jina la mtoto linatokea kwenye kioo, anagawa. Namba ya nyuma haitazamwi na mtu mpaka kitu kivunjike tena.

Ijumaa ile, saa nane na nusu, alikuja msichana wa darasa la saba ambaye wenzake wanamwita Kinyonga kwa vile anavyotembea. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kama umekuja kuniambia si wewe, umechelewa. Hapa wote huwa si wao."

Maana mezani palikuwa na tableti namba 417, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na 417 ni ya Kinyonga. Ilikuwa mara yake ya tatu. Mara ya pili baba yake aliitwa, akakaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, siku ya kazi ikampotea, akaondoka bila kumtazama mwanawe.

Msichana alifungua mkoba akatoa tableti, akaishika kwa mikono miwili. Nzima. Haina hata mkwaruzo.

"Yangu hii hapa," alisema. "Nilisema hata siku ile. Baba hakuniamini."

Mama mdogo aliipokea. Aliigeuza. Nyuma iliandikwa 302. Akaiwasha ile iliyovunjika mezani, na chini ya nyufa likatokea jina la mvulana wanayemwita Kipa, ambaye kila mapumziko huweka tableti yake chini iwe nguzo ya goli. Akakumbuka. Mwezi wa pili tableti za hawa wawili zililetwa siku moja, ya Kinyonga tundu la chaji, ya Kipa kioo. Alizivua pamoja. Akaivika ya huyu mfuniko wa yule.

Tangu siku hiyo Kipa alikuwa akivunja, na mfumo ukimhesabia Kinyonga.

"Nenda darasani," alimwambia. "Usiseme kitu kwanza."

Hilo la "usiseme kitu" linamuuma mpaka leo. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na mwalimu mkuu alishasema hadharani kwamba fundi mmoja akikosea, mia na themanini na sita wanaumia. Mama mdogo alikaa, safari hii alikaa kweli, akatazama saa ya kompyuta. Saa tisa kasoro. Akinyamaza, saa kumi Kinyonga anafungiwa na hakuna atakayejua. Akihamisha yale makosa mawili kwa Kipa, yanaungana na lake la kwanza, yanakuwa matatu, na Kipa anafungwa leo hii bila mzazi wake kuitwa hata siku moja.

Akajaribu kuyafuta. Mfumo ukakataa: tiketi haifutwi, inahamishwa tu. Kwa nani? Ikafunguka orodha ya wanafunzi. Ya mafundi haikuwepo. Aliyeutengeneza hakuwaza kwamba fundi naye anaweza kuharibu.

Saa tisa na dakika arobaini akabonyeza "mwanafunzi mpya". Akaandika jina lake mwenyewe. Darasa: la saba. Mfumo ukataka simu ya mzazi. Akaandika ya Bibi. Akahamisha tiketi zote mbili, na kwenye maelezo akaandika: Mifuniko nilibadilisha mimi.

Sisi tulikuwa nyumbani, Bibi anachambua mchele. Simu ikalia, akanipa nisome. Nilisoma polepole, maana ndivyo ninavyosoma.

"Mzazi mpendwa. Mwanao wa darasa la saba ameharibu kifaa cha shule mara ya pili. Fika shuleni Jumatatu saa mbili."

"Mwanangu yupi?" Bibi akauliza. "Niliyebaki naye ana miaka thelathini na minane!"

Mama mdogo aliporudi alieleza yote, amesimama pale pale kwenye kabati. Bibi hakucheka. Siku mbili zile hakuna aliyekula vizuri. Kila simu ikilia tulitazamana.

Jumatatu Bibi alivaa viatu vya kufunga, akanishika mkono, tukaenda. Mama mdogo alikuwa ofisini tayari, kichwa chini, mikono katikati ya magoti, kama mtoto kweli. Mwalimu mkuu alinyanyuka.

"Karibu, mama. Umekuja kwa ajili ya mwanafunzi gani?"

"Huyo hapo."

Mwalimu mkuu alitazama kompyuta, akamtazama mama mdogo, akasoma tena. Akachukua tableti iliyokuwa mezani kwake, akaigeuza, akaisoma namba, akaiwasha. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Ziko ngapi hivi?"

"Sijui, mwalimu," mama mdogo alisema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sijui."

"Yule msichana?"

"Hakufungwa. Amebaki na kosa moja, lake la kweli. Lakini baba yake hajaambiwa."

"Utamwambia wewe. Uende kwake, usimwite." Akairudisha tableti mezani. "Zote zirudi, zikaguliwe moja moja. Mkataba tutaongea zikiisha."

Bibi akakohoa. "Mimi niliitwa kwa kosa la mara ya pili, mwalimu. Nipe nisaini, nimeacha mchele juani."

Akapewa karatasi, akasaini palipoandikwa mzazi.

Mama mdogo alikwenda kwa baba yake Kinyonga jioni ile ile. Alivyopokelewa hajatusimulia. Sasa ana kalamu nene ya wino, na kila akivua mfuniko mmoja anaandika namba yake ndani, kwenye betri, kabla ya kugusa mwingine. Amefungua tableti tisini na nne. Zilizovaa mfuniko wa wenzao ni saba. Zimebaki tisini na mbili, na mwezi umebakiza siku sita.