Paa Bapa Juu ya Pap Onditi

Niseme mapema: nyumba ninazijua. Nina diploma ya ujenzi niliyosomea hapa Kisumu bila mjomba wa kunishika mkono. Mchana nilibeba zege mtaani Obunga, jioni nikaingia darasani na saruji kwenye nywele. Baadaye nikaenda Marekani, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mtu wa matengenezo katika mtaa wa gofu uliojengwa katikati ya jangwa.

Nyumba za mtaa ule zilijengwa miaka ya hamsini na sitini, kwa ajili ya waigizaji na wenye viwanda waliotaka kucheza gofu wakati kwao kuna theluji. Zilikuwa fupi na ndefu, zimejinyoosha juu ya mchanga kama mtu aliyeshiba. Paa lilikuwa bapa kabisa, limetokeza mbele ya kuta, likishikiliwa na nguzo za chuma nyembamba hata ukajiuliza linasimamaje. Upande wa uwanja hapakuwa na ukuta bali kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Ukikaa kwenye kochi, nyasi na milima vimeingia sebuleni. Mbele kulikuwa na ukuta wa matofali yenye matundu, na jua likipita hapo lilichora maua kwenye sakafu ya terazo.

Nilizionea wivu nyumba zile mpaka nikakosa hamu ya kula. Iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikaliwa na mama mmoja mzee, mjane. Siku moja nikimrekebishia mlango, aliniambia amechoka na kioo hicho, kinashika vumbi. Mimi ningekifuta kwa shati langu la Jumapili. Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza kazi kwake nilitoa futi yangu nikapima: upana wa paa, unene wa nguzo, matundu ya matofali. Vyote nikavichora kwenye daftari.

Nilirudi na daftari hilo, na kwenye kiwanja changu mlimani, juu ya soko la Pap Onditi, nikajenga. Sikumwajiri kaka yangu mkubwa, ingawa ni fundi na boma lake liko chini kidogo ya langu. Yeye hana cheti hata kimoja. Alijifunza kwa kuwapokeza wenzake matofali. Alikuwa akipita jioni, mikono nyuma, akitazama.

"Omera, ndugu yangu, hii ni paa au ni meza?"

"Ni mtindo, kaka. Huwezi kuuelewa."

"Naona ni meza. Chakula kitapakuliwa lini?"

Vibarua wangu walicheka. Nikajiambia ni wivu wake.

Chumba kizuri kuliko vyote nilikipanga kwa ajili ya mama. Magoti yake yamechoka, kwa hiyo sikuweka ngazi hata moja. Kitanda chake kilielekea ziwa. Mama alikuwa akikaa kwa kaka, na nilitaka ahamie kwangu. Ukweli wenyewe ndio huo: nilitaka watu wamwone akitoka kwa kaka kuja kwangu.

Siku ya kumkaribisha nilichinja mbuzi. Mama, aliyeletwa na kaka, akafika hadi ukuta wa matofali, akasimama, akainua macho. Alitazama juu muda mrefu.

"Osuri iko wapi, nyathina, mwanangu?"

Osuri ni mti uliochongoka unaosimama juu ya kilele cha nyumba ya mwenye boma. Akifa, unavunjwa. Nyumba yangu haikuwa na kilele.

"Mama, nyumba za sasa hazina hayo. Ingia uone ziwa."

"Ziwa nimeliona tangu nizaliwe. Nyumba ya baba yenu ilikaa hivi siku tuliyomzika. Nimezika mume. Siwezi kulala katika nyumba inayosema nimezika na mtoto."

Akageuka, akamshika kaka mkono, wakateremka. Mbuzi alifuata baadaye, ndani ya sufuria.

Mimi, mzaliwa wa hapa, nilipima mapaa ya watu wa jangwani hadi nusu inchi, nikasahau juu ya nyumba ya baba palikuwa na nini.

Wiki zilizofuata ukuta wangu wa kioo ulinitesa. Niliuweka ili uniletee ziwa, lakini kati yangu na ziwa kuna boma la kaka. Kila asubuhi nilikunywa chai nikiona mabati yake, kilele chake, na mama akimenya njugu kwenye kivuli. Wageni waliomjia walipita langoni kwangu bila kugeuza shingo. Nikafunga pazia. Pazia, kwenye nyumba kama ile!

Mwishowe niliteremka. Kaka alikuwa akinoa msumeno.

"Nataka uniezekee chumba cha mama," nikasema. "Kiwe na kilele."

"Na diploma inasemaje?"

"Kaka, tafadhali."

Aliacha kunoa. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Nilimpa mchoro wangu. Aliutazama, akauliza kama mvua ya huku ninaikumbuka, kisha akauinua mteremko karibu maradufu. Alifanya kazi siku tisa. Boriti zake zilikutana juu kama vidole vya mtu anayesali, na sikupata mahali pa kupitisha hata wembe. Nilitafuta kasoro, nisiwadanganye. Nilipanda na futi. Osuri niliisimamisha mwenyewe, yeye akinishikia ngazi.

Mama alikuja na mfuko wake wa nguo. Alipita sebuleni, mbele ya kioo, terazo na ziwa lote, asigeuke. Alipofika chumbani kwake aliketi kitandani akatazama juu.

"Nani amefunga hizi boriti?"

"Kaka."

"Inaonekana," akasema, akaanza kutoa nguo mfukoni.

Sasa analala kwangu, na wageni wake wanaingia kwa lango langu. Nilichokitaka nimekipata. Lakini kaka akienda kazini asubuhi husimama kidogo barabarani, akaitazama nyumba yangu, na mimi niliye nyuma ya kioo ninajua ni sehemu gani anayoitazama.