Karani Ataka Chairman Mwanaume

Hebu niambie, chairman lazima awe na ndevu? Juzi nilienda ofisi ya DO, Kyuso, kutafuta kazi na hii degree yangu. Mbele yangu kwa dirisha alisimama mama anayeongoza mwethya, chama cha akina mama wanaochimba mabwawa kwa zamu, tangu mimi niko primary. Alitaka simiti wajenge bwawa kabla mvua ianze.

"Simiti inachukuliwa na chairman," karani akasema.

"Chairman ni mimi."

"Wewe ni chairlady, mama. Hapa imeandikwa chairman. Lete mzee."

Mama akakaza leso kiunoni. "Mwanangu, mzee nikimleta, itabidi kwanza nimwonyeshe bwawa liko wapi."

Karani akafunga dirisha, akaenda chai. Nonsense! Bwana DO, mawingu yamejaa: fungua stoo leo, mpe mama simiti.