Kwenda Shimanzi Kupimwa Masikio

Nilitoka Kuze kwenda Shimanzi kwa ajili ya mjukuu wangu Nasri, si kwa ajili ya masikio. Masikio yalikuwa yakinivuma tangu zamani, usiku na mchana, kama karabai iliyopigwa pampu, nami nimeshazoea. Lakini siku moja mtoto aliamka ghorofani akalia mpaka sauti ikamkauka, na mimi niko jikoni chini napaa samaki, kaseti ya kasida inaimba kando yangu, sina habari. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia, "Bi Khadija, mjukuu wako yualia, njia nzima yasikia."

Jioni Zuhura, mke wa mwanangu, aliporudi kazini akasimuliwa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kama sisikii, mtoto itabidi akalelewe Likoni, ng'ambo ya feri, kwa mamake yeye Zuhura. Nikamwambia mimi nimelea sita na wote wazima.

"Basi twende ukapimwe, mama," akasema. "Tujue."

Yeye alikuwa karani wa bohari moja huko Shimanzi, na jirani yake palikuwa na zahanati wanapopimwa masikio watu wa bandarini.

Wiki iliyofuata, asubuhi moja, tulimwacha Nasri na babake, tukashika njia kwa miguu. Pale Makadara Zuhura akanivuta mkono kwa nguvu, mkokoteni ukapita ubavuni mwangu, mwenyewe anapiga makelele. Nikasema nilimsikia. Uongo mtupu. Zuhura mkono wangu hakuuachia tena.

Shimanzi ni malori na vumbi. Kwenye benchi la zahanati tuliwakuta wanaume wa bara, wafanyakazi wa bandari, wamekaa bega kwa bega na wanazungumza kwa kelele kama na mtu aliye ng'ambo ya mto. Mmoja akaniuliza, "Mama, na wewe unaendesha winchi?" Nikamwambia naendesha nyumba, ina makelele zaidi. Wakacheka wote, isipokuwa mzee wa mwisho, ambaye hakusikia.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa bara, Mwikali, mpole, ana msalaba shingoni. Alinitia katika kijumba kilichotandikwa kuta kama godoro, akanivika kitu mfano wa upinde wenye vikombe viwili, juu ya buibui na leso niliyojifunga chini yake. Akasema kila nikisikia mlio, ninyanyue kidole. Sasa mlio mimi nimekuja nao kutoka nyumbani. Nikanyanyua kidole, nikakiacha juu.

Tulipotoka akamwambia Zuhura masikio yamekuwa mazito mno, na majibu yenyewe hayaeleweki. Nikaiona moyoni feri ya Likoni inavuka na mjukuu wangu.

Mwingine hapo angenyamaza, akachukua mwanawe. Zuhura akasema, "Dada, mama amefunga vitambaa juu ya masikio. Hata mimi nisingesikia."

Mwikali akaona haya. Alisema alihofu kuniambia nivue, kwani kina mama wa hapa walishamgombeza kwa hilo. Nikamwambia na mimi ningegomba kidogo, kisha ningevua.

Basi pazia likashushwa, Zuhura akaweka mgongo mlangoni mwanamume asiingie, nikabaki na mvi zangu nje. Mwikali, aliyekwisha ona kidole changu hakishuki, akaniinamia.

"Mama, mlio usiokatika ni wako, uache. Wangu utakuja vipande vipande: ti, ti, ti. Nijibu wangu tu."

Wallahi, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba mlio ule upo kweli. Nyumbani walisema uzee, wengine wakasema shetani. Nikakaa nikachambua kama mtu achambuaye mchele: hili jiwe, hii punje.

Safari hii majibu yakaeleweka. Sikio la kushoto limepoteza sauti nyembamba, la kulia lina nguvu zake. Sauti ya mtu nasikia, na kilio cha mtoto nasikia, pasipokuwa na zogo. Akaniuliza siku ile nilikuwa nafanya nini. Nikamtajia kaseti. Akauliza kwa sauti gani, Zuhura akanijibia, "Ya kutingisha vikombe." Ni kweli, nilikuwa nikiifungua juu ili imeze ule mvumo. Mwikali akanionya niifungue chini tu, na kazi zangu nizifanye karibu na mtoto. Mvumo wenyewe hakuniahidi kuwa utaondoka. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Tulirudi adhuhuri, pole pole. Habari ya Likoni Zuhura hakuitaja, nami niliogopa kuuliza. Nilipofika nilipandisha mbuzi ya nazi, jiko na sufuria ghorofani, nikaswali, nikawaombea Zuhura na yule mwanamke wa bara. Nilikuwa nikidhani mkaza mwana ananitafutia sababu ya kuninyang'anya mtoto. Sasa nimejua nani alinisimamia.

Tangu siku aliyolia mtoto, Zuhura kila alipokwenda kazini alikuwa akisimama katikati ya ngazi kutega sikio, asikie kama mtoto yu salama. Asubuhi iliyofuata alinitia Nasri mikononi, akachukua mkoba wake akashuka. Nilivisikia viatu vyake, kidato kwa kidato mpaka mlangoni. Havikusimama.