Nilivyomfukuza Bibi Nyamizi Kitabuni

Nakumbuka mchana mmoja wa mavuno kule Runazi, mwanangu, nilipogundua kwamba kijicho changu kina mwandiko, na mwandiko wenyewe ni mwekundu. Nakusimulia wewe uliyeanza kuletewa miswada ya wenzako uihariri. Aibu ni yangu, faida ichukue wewe.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mbuba na shahada ya fasihi, nikiitunza katika bahasha ambayo kila mgeni aliiona, atake asitake. Nilijitangaza kuwa naandika riwaya. Kusema kweli nilikuwa naandika sura ya kwanza ya riwaya. Nilikwisha kuiandika mara kumi na moja, na kila iliponishinda niliwalaumu wachapishaji wa mjini.

Rafiki yangu Deusi, tuliyesoma pamoja sekondari, hakuendelea na masomo. Alifungua duka Runazi, akauza chumvi, sabuni na misumari, na kati ya mteja na mteja akawa anaandika kwenye madaftari ya shule. Hakuniambia. Siku moja akaja Mbuba na pikipiki, akanikabidhi mswada mzima wa simulizi za watu wa kwao. Hakuwa na habari na wachapishaji niliokuwa nikiwalaumu. Alikwisha kupatana na mchapaji wa Mwanza, atoe nakala chache kwa gharama yake mwenyewe, aziuze palepale dukani.

"Wewe ndiye msomi wetu," akaniambia. "Palipo pabaya, kata. Sitabisha."

Kufika ukurasa wa nne, nilijua. Umewahi kuonja pombe ya jirani ukaikuta tamu kuliko yako, na wewe ndiye uliyejisifu kwa utengenezaji? Ndivyo nilivyokuwa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi sikutaka kuisafiria; nilitaka izimike.

Sura iliyoniuma zaidi ilimhusu mama yake Deusi, mwenyeji wa kabila la Wasubi, na Bibi Nyamizi, jirani aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Hawakuwa na lugha moja. Mwaka mzima walizungumza kwa mikono, na siku ng'ombe walipoingia kwenye mihogo waligombana kwa mikono vilevile, mmoja akihesabu mashina kwa vidole, mwenzake akitengeneza pembe kichwani, mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu kwa kicheko. Niliisoma mara tatu. Kisha nikapiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, pembeni nikaandika: "Inapunguza kasi." Ni maneno niliyoyapata chuo kikuu, na uzuri wake ni kwamba hayadai ushahidi.

Nikaendelea hivyo mpaka mwisho. Makosa ya kweli yalikuwepo, sentensi zilizolegea, marudio. Mengi niliyapita bila kuyagusa.

Nilipourudisha mswada Runazi, Deusi aliupekua, akasema sawa, kesho yake anaondoka kwenda Mwanza. Nilikula chakula cha mchana kwa hamu ambayo leo inanitia haya.

Jambo moja sikulijua. Deusi alikuwa na desturi ya kuwasomea simulizi zake wanawake waliokuwa wakipura maharage uani kwa mama yake. Walipoacha kupura wakasikiliza, aliiacha simulizi ilivyo. Walipoendelea kupura, aliiandika upya. Kitabu kilikuwa na wahariri wake kabla yangu, nao walikuwa na fimbo.

Basi baada ya kula tukaenda uani kwa mama yake. Niliwaamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, na mama yake akamwambia Deusi asome mara ya mwisho ile ya mihogo. Deusi akajibu taratibu kwamba imetolewa, mhariri ameona haifai.

Bibi Nyamizi akageuka kunitazama. Siku hizo Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha.

"Kumbe huyu msomi amenifukuza kitabuni? Hata ng'ombe wangu?"

Mama Deusi hakucheka. Akaomba aoneshwe karatasi. Alisema hajui kusoma vizuri lakini rangi anaiona, na akamtaka mwanawe asome kila palipo na wekundu. Deusi akasoma. Mahali pa kwanza fimbo zilisimama. Mahali pa pili wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye maganda. Pa tatu, kimya, mtu akapangusa jicho kwa kanga. Kila nilipokata, uani palikuwa hai. Kisha mama akamwambia asome kidogo palipo peupe, na fimbo zikaanza tena kupura.

Akazichukua karatasi, akanikabidhi.

"Mwanangu, kalamu yako inapajua pazuri," akasema. "Haikukosea hata mara moja. Sasa tuambie, pamekufanya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye maganda. Nikasema niliona wivu.

"Hilo tu?" akauliza Bibi Nyamizi. "Mimi nilidhani ng'ombe ndio wamekuudhi."

Wanawake wakacheka, Deusi hakucheka nao. Aliingia ndani, akarudi na penseli. Safari ya Mwanza ikasogezwa wiki nzima. Tulikaa mezani, tukarudisha nilivyoviua, tukakata vilivyostahili kukatwa. Hakuniita msomi tena. Kitabu kilipotoka, jina langu aliliweka ndani, mhariri, kwa herufi ndogo. Watu wakinipongeza, nashukuru, na pale kifuani kitu bado kinafinya. Deusi ameandika vingine viwili. Mimi, kama ujuavyo, naandika makala.

Mwanangu, sikuambii usione wivu, ningekuwa mnafiki. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nawe uliye fundi utaumia kuona wenzako wameunda vizuri. Ila mswada wa mwenzio ukikuchoma, urudishe siku hiyohiyo, umwambie kwa kinywa chako: siwezi kuuhariri huu, nauonea wivu. Hutampa sifa kubwa kuliko hiyo. Na ukiamua kuuhariri, ukimaliza usome kwa sauti yale tu uliyoyakata, mbele ya mtu asiyekuogopa. Akicheka panapochekesha, rudisha.

Mungu akupe marafiki wanaoandika vizuri kuliko wewe, akupe na moyo wa kuwavumilia. Kazi yako ikifika mikononi mwa mwenye wivu, na itafika, imkute siku ambayo kuna wanawake wanapura maharage.