Pipa la Kichungu

Mwosha mapipa wa chama cha wakulima wa zabibu hakuwa mtu wa kubembelezwa, wala hakujua kubembeleza. Kwa miaka kumi na tisa alifika ghalani saa moja asubuhi, akafunga kitambaa kichwani, akavaa buti za mpira zilizomzidi namba moja, akaanza kazi. Kazi yenyewe ukiisimulia inaonekana nyepesi. Unatia mnyororo ndani ya pipa, unamimina maji ya moto, unaziba tundu, halafu unalibiringisha pipa huku na huko mpaka mnyororo ubandue ukoko wote ulioganda kwenye mbao. Jaribu siku moja tu, kiuno chako kitakupa habari. Ukishamwaga maji unaweka pua kwenye tundu na kunusa, kwa sababu pipa moja lenye uvundo linatosha kuharibu mvinyo wa mwaka mzima. Yeye alinusa kila pipa, na hakuna hata moja lililowahi kumdanganya. Wenzake walimwita Mama Mapipa, na jina likamkaa.

Nyumbani, yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wamerithi kwa mama yao kipande cha shamba. Sehemu kubwa ilikuwa mizabibu ya kawaida, kama ya kila jirani. Lakini upande wa juu kulikuwa na mistari mitatu ya mizabibu ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Punje zake zilikuwa ndogo, ganda gumu, rangi yake inakaribia nyeusi, na ukizila mbichi unakunja uso mpaka masikio yanasogea. Majirani waliiita Kichungu. Mama yao aliipenda kuliko yote na hakuwahi kueleza kwa nini, na watoto wakiuliza aliwaambia waende wakachote maji. Kila mavuno Kichungu kilipelekwa chamani, kikamwagwa pamoja na zabibu za watu wengine, kikapotelea humo.

Mwaka uliotangulia Mama Mapipa alikata shauri. Alimwomba mtunza ghala amsaidie kukamua Kichungu peke yake, pipa moja tu, apate kujua mama yake alikuwa ameona nini. Ikafika siku ya kuonja. Mwonjaji mkuu, mzee mmoja mtanashati waliyemwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyewafundisha wengine wote, aliinua bilauri, akaizungusha, akaonja, akatema kwenye ndoo.

"Dawa ya kikohozi," akasema.

Wengine wakaonja, wakatikisa vichwa. Kweli, Mwalimu. Dawa tupu, Mwalimu. Pipa likapelekwa kwenye chumba cha siki, na aliyelisukuma hadi huko ni mwosha mapipa mwenyewe. Alilia siku hiyo, lakini alilia ndani ya pipa tupu alilokuwa akilikagua, na hakuna aliyemwona.

Mdogo wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. "Dada, mama tumempa heshima yake ya kutosha," alimwambia. "Miti ile inakula mbolea kama mingine, na haizai hata nusu yake. Tuing'oe, tupande kitu kinachotakiwa."

"Nipe mavuno ya mwaka mmoja tu."

"Mmoja. Wakikataa tena, sitaki kusikia hadithi."

Wakakubaliana. Mwaka huu Mama Mapipa alichagua pipa lake mwenyewe, akalisugua mara tatu, akalijaza mvinyo wa Kichungu kitupu, akalilaza pembeni ambako jua haligusi. Kila wiki alijaza pengo lililoachwa na mvinyo uliopungua, na kila wiki alivuta tone moja na kulionja. Miezi ya mwanzo lilikuwa kali, linakamata ulimi kama ndizi mbichi. Kisha taratibu likaanza kusema. Kulikuwa na harufu ya majani ya nyanya ukiyasugua kwa vidole. Kulikuwa na mrehani, na pilipili manga kwa mbali, na mwishoni uchungu mdogo unaokuacha unataka kuonja tena ili uujue vizuri. Alisimama pale gizani peke yake akacheka kwa sauti. Mama hakuwa mjinga hata kidogo.

Siku ya kuonja ilipangwa asubuhi, saa nne, kabla ya chai, maana chai huuchosha ulimi. Mdogo wake naye, kwa haraka zake, alikuwa ameshamkodi fundi wa kung'oa visiki kwa siku hiyohiyo.

"Nisubiri mpaka saa sita," Mama Mapipa alimwambia mlangoni.

"Saa sita, dada. Saa sita na dakika moja, jembe linaingia."

Njiani Mama Mapipa alikuwa akiwaza jambo moja tu. Miaka kumi na tisa alikuwa amewapangia waonjaji bilauri, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumsikia hata mmoja akimpinga Mwalimu. Desturi ya chama ilikuwa hiyo: Mwalimu husema kwanza, wengine hufuata. Si kwamba walimwogopa. Walimheshimu, na heshima ikizidi watu huacha kutumia pua zao.

Basi alipopanga bilauri mezani, kando ya kila bilauri aliweka kipande cha karatasi na penseli. Waonjaji walikuwa wanne: Mwalimu, mtunza ghala, karani, na mwenyekiti, mama mmoja mnene wa maneno machache.

"Leo kuna mtihani?" mtunza ghala akauliza. "Mimi sikusoma."

"Hizi karatasi kaziweka nani?" Mwalimu akauliza.

Mama Mapipa akajikaza kisabuni. "Mimi, Mwalimu. Naomba kila mmoja aandike kabla ya mtu yeyote kusema."

"Hapa hatufanyi hivyo."

"Najua. Lakini pipa hili ni langu, na mizabibu yake inang'olewa leo saa sita. Mkinikataa wote wanne, kila mmoja kwa mkono wake, nitarudi kwenye mapipa yangu na hamtanisikia tena. Ila sitakubali kukataliwa na mdomo mmoja."

Karani aliangalia kucha zake. Hakuna aliyewahi kumsikia mwosha mapipa akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Karatasi haimuumi mtu," mwenyekiti akasema. "Tuandike."

Mama Mapipa akamimina. Mvinyo ulishuka mwekundu mzito, wenye zambarau pembezoni. Walizungusha bilauri, wakanusa, wakaonja, wakatema. Karani alinusa mara ya pili, kisha ya tatu. Mtunza ghala alisahau kutema, akameza. Mwalimu alimtazama karani, akamtazama mtunza ghala, akamtazama mwenyekiti, lakini wote walikuwa wameinamia karatasi. Penseli yake ilisimama hewani muda mrefu.

Mwenyekiti alikusanya karatasi, akazisoma kwa sauti. Ya karani ilisema: majani ya nyanya, mrehani, naomba nyingine. Ya mtunza ghala: harufu ya shamba baada ya mvua, kali mwanzoni, halafu inatulia, si dawa kabisa. Yake mwenyewe: sijawahi kuonja kitu kama hiki, kiwekwe peke yake. Akaifungua ya nne, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa tupu.

"Mwalimu?"

Mzee aliweka bilauri mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Sinusi," akasema. "Tangu ule ugonjwa wa mafua ulionilaza mwezi mzima. Huu ni mwaka wa pili. Sinusi chochote."

Hapo ndipo Mama Mapipa alipokumbuka kisa cha panya mmoja, miezi michache nyuma. Alikuwa amefia nyuma ya mapipa, ghala zima limekimbilia nje watu wameziba pua, na Mwalimu amesimama palepale akisoma maandishi ya pipa kama aliyesimama bustanini. Wote walisema, tazama uvumilivu wa wazee.

"Na mwaka jana?" Mama Mapipa akauliza. Sauti yake ilikuwa chini, na haikuwa nzuri. "Mwaka jana ulikiita dawa ya kikohozi. Ulijuaje?"

"Nilimtazama mtunza ghala. Alikuwa amekunja uso."

"Mimi?" Mtunza ghala alishika shavu lake. "Mwalimu, mwaka jana mimi nilikuwa na jino! Nilikuwa nimekunja uso tangu asubuhi! Kesho yake likang'olewa!"

Karani aliangua kicheko, akakimeza haraka. Mama Mapipa hakucheka. Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa umegeuka siki kwa sababu ya jino la mtu.

"Umeniumiza, Mwalimu," akasema. "Ungesema tu hujui."

"Ningesema hivyo, ningebaki na kazi gani?" Mzee hakuinua macho. "Niliogopa. Nisamehe."

Mama Mapipa angeweza kumwacha pale na aibu yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Kura tatu zilikuwa zinatosha. Lakini kura tatu si kitu alichokuwa amekitaka mwaka mzima. Alitaka mtu huyu, aliyewahi kuijua kazi hii kuliko wote, akionje Kichungu kwa haki. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamimina upya.

"Ulimi unao?"

"Ulimi ninao."

"Basi onja uniambie ukali na uchungu. Harufu nitakuambia mimi. Wewe ndiye uliyetufundisha, sasa nisikilize."

Akamweleza. Alianza na majani ya nyanya, akamwambia asiwaze nyanya yenyewe, awaze vidole baada ya kupalilia. Akaja kwenye mrehani. Akasema kuhusu pilipili manga, kwamba haiwashi, inapita tu. Mzee alifumba macho, mvinyo ukiwa mdomoni, akikubali kwa kichwa kila neno, na karani akageuka kutazama dirishani.

"Uchungu wake umekaa mahali pake," Mwalimu akasema mwishowe. "Hautangulii. Unasubiri zamu yake." Akachukua ile karatasi tupu, akaandika: nakubali, kwa pua ya mwosha mapipa. Mwenyekiti akagonga muhuri kwamba kuanzia mavuno yajayo Kichungu kitapokewa chamani peke yake, kwa jina lake.

Ilikuwa saa tano na robo. Mama Mapipa alitoka uani na kumpigia mdogo wake simu.

"Wamekubali! Wote wanne!"

Upande wa pili akasikia jembe likigonga jiwe.

"Dada," mdogo wake akasema. "Fundi alifika mapema. Nikajua watakataa tu, kama mwaka jana. Mstari mmoja... mstari wa chini umeshakwisha."

Aliegemea ukuta. Akilini aliuona mstari ule, mti kwa mti, na mama yake ameinama kati yake. Kisha akasimama wima.

"Mwambie fundi aweke jembe chini. Sasa hivi, nasikiliza."

Mlio wa jembe ukakoma.

"Nimekosa, dada. Ngoja nifukie haya mashimo, nisawazishe, ukija usiyaone."

"Usiyafukie," akasema, huku tayari akivua buti. "Ile mistari miwili iliyobaki ina matawi ya kutosha kupanda huo wa tatu. Yamwagie maji hayo mashimo. Nakuja na mkasi."